Kusoma Tangazo kwa Makini: Somo la Pikipiki Kuukuu Inayouzwa

1. Utangulizi

Tangazo ni miongoni mwa maandishi ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kuyasoma na kuyaandika. Aghalabu wanachuo wetu huliona somo hili kuwa jepesi. Andalio la somo hujazwa upesi. Mwalimu huandika tangazo fupi ubaoni, wanafunzi hulisoma kwa sauti, kisha huulizwa ni kitu gani kinachouzwa, bei yake ni kiasi gani, na mwenye haja aende wapi. Majibu yote yamo katika maneno yaliyoandikwa. Darasa zima hunyosha mikono, na mwalimu hutoka akiwa ameridhika.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba somo la namna hiyo limeishia mlangoni. Mwanafunzi amesoma maneno, lakini hajalisoma tangazo. Kulisoma tangazo ni kupima kila neno lake kwa ujuzi wa kitu chenyewe, na ni kutambua pia lile ambalo halikuandikwa. Tumechagua tangazo la kuuza pikipiki kuukuu ya Kijapani, yenye injini ya mipigo miwili, kwa sababu kitu hicho kilitufunza sisi wenyewe somo ambalo hatukulitazamia.

2. Jambo lililotufunza

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikwenda kumkagua mwanachuo wetu katika shule ya kijijini. Alikuwa akifundisha Kiswahili darasa la sita, na somo lake lilikuwa tangazo la pikipiki inayouzwa. Somo lilikwenda kama tulivyolieleza hapo juu, bila ya kasoro ya kuonekana. Karibu na mwisho aliuliza kama kuna mwenye swali. Mvulana mmoja alisimama akasema, “Mwalimu, baba alisoma tangazo kama hilo dukani. Yote yaliyoandikwa yalikuwa kweli. Sasa pikipiki imo bandani na kuku wanalala juu yake.”

Darasa lilicheka. Mwanachuo naye alitabasamu, akasema, “Haya, tuendelee,” na kipindi kikaisha.

Baadaye tulizipata habari kamili. Baba wa mtoto huyo alikuwa ameuza ng'ombe wawili wa kulimia ili anunue pikipiki ya kubebea nyanya mpaka mnadani. Tangazo lilisema kwamba pikipiki hiyo inawaka kwa kiki moja, haitoi moshi, na haili oili, kwa maana tangi lake la oili lilijazwa zamani na bado limejaa. Alikwenda akaiona, ikawaka kwa kiki moja, haikutoa moshi wa kutajika, na tangi la oili lilikuwa limejaa pomoni. Akalipa. Kwa vile oili ilikuwa tele, alitia petroli tupu katika tangi la petroli. Safari ya kwanza ilikuwa fupi, akafika. Safari ya pili alibeba matenga, na kilimani injini ikakwama ghafla. Fundi alipoifungua aliikuta pistoni imeng'ang'ania silinda kwa kukosa oili. Na tangi la oili bado lilikuwa limejaa.

Tulimshauri mwanachuo arejee habari ile siku ya pili, ili mtoto asione kuwa swali lake limedharauliwa. Naye kwa nia njema alifungua kipindi kwa kuuliza, “Je, aliyeandika tangazo lile alikuwa mwongo?” Darasa likajibu kwa sauti moja, “Ndiyo!” Msichana mmoja wa dawati la nyuma alilaza kichwa chake juu ya meza, akalia. Muuzaji wa pikipiki alikuwa mjomba wake. Hakuna miongoni mwetu aliyeuliza mapema kama muuzaji ana jamaa katika darasa lile. Kosa hilo lilikuwa letu zaidi kuliko la mwanachuo.

Mwalimu mkuu alipozungumza na muuzaji, ukweli ukadhihirika. Pampu ya oili ya pikipiki ile ilikufa miaka mingi iliyopita. Tangu hapo mwenyewe alikuwa akichanganya oili na petroli katika tangi moja kila alipojaza, na alikwisha kuzoea hivyo hata hakuona kuwa ni jambo la kutaja. Alidhani kila anunuaye pikipiki kuukuu analijua. Mnunuzi naye alikuwa amezoea pikipiki ya jirani yake, yenye injini ya mipigo minne, na kwa injini hiyo kutokula oili ni sifa njema. Wote wawili wanajua kusoma na kuandika vizuri. Wote wawili walisoma katika shule ile ile.

Hapo ndipo tulipotambua kwamba swali la mwanachuo lilikuwa na upungufu. Swali lililofaa halikuwa “Nani mwongo?” bali “Maneno haya yana maana gani kwa kitu hiki?”

3. Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Mwalimu hawezi kuwaongoza wanafunzi kuuliza maswali ya kitu asichokijua yeye mwenyewe. Hatusemi kwamba kila mwalimu wa Kiswahili awe fundi. Lakini yampasa ajue kiasi cha kutosha kuyapima maneno ya tangazo atakalolifundisha. Kwa somo hili mambo matatu yanatosha.

(a) Asili ya pikipiki hizi. Injini ya mipigo miwili inayopitisha mchanganyiko wa petroli na hewa katika chumba cha krenki ilibuniwa na Joseph Day wa Uingereza mwaka 1891. Wajerumani waliiendeleza sana, na pikipiki yao iitwayo DKW RT 125 iliigwa katika nchi kadhaa baada ya Vita Kuu ya Pili. Miongoni mwa walioiiga ni kampuni ya Yamaha ya Japani, ambayo pikipiki yake ya kwanza, YA-1 ya sentimita za ujazo 125, ilitoka mwaka 1955. Wajapani waliipa jina la utani la “kereng'ende mwekundu” kwa wepesi na rangi yake.

Jina la Yamaha lenyewe lina habari itakayowapendeza wanafunzi. Torakusu Yamaha, aliyekuwa fundi wa vyombo, aliitwa mwaka 1887 katika shule ya msingi ya mji wa Hamamatsu kutengeneza kinanda kilichoharibika. Baada ya kazi hiyo alianza kuunda vinanda vyake mwenyewe. Ndiyo sababu alama ya kampuni hiyo, inayoonekana hata kwenye tangi la pikipiki, ni uma tatu za kupimia sauti zilizopishanishwa. Hivyo basi, jina lililomo katika tangazo letu lina asili yake katika shule ya msingi.

Pikipiki tuliyoichagua kwa somo ni Yamaha AG100, iliyoanza kuundwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kazi za mashambani. Herufi AG zinatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kilimo. Ina silinda moja, gia tano, vibebeo vya mizigo mbele na nyuma, na kifuniko cha kuukinga mnyororo na matope. Katika Afrika Mashariki pikipiki za aina hii zilitumiwa sana na mabwana shamba, wahudumu wa afya na miradi ya maendeleo, na zilipochakaa ziliuzwa kwa wananchi. Siku hizi pikipiki nyingi za abiria na mizigo barabarani ni za mipigo minne, kutoka India na China. Kwa sababu hiyo vijana wengi wanaijua injini ya mipigo minne tu, na wanaipima ile ya mipigo miwili kwa kipimo kisicho chake.

(b) Namna injini inavyofanya kazi. Katika injini ya mipigo minne, pistoni hushuka kufyonza mchanganyiko wa petroli na hewa, hupanda kuubana, husukumwa chini na mchanganyiko unaowaka, kisha hupanda kuutoa moshi. Krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huzunguka mara mbili kwa kila mwako mmoja.

Katika injini ya mipigo miwili, kazi hizo nne hufanywa kwa mzunguko mmoja. Pistoni inapopanda, hubana mchanganyiko uliopo juu yake, na wakati huo huo hufyonza mchanganyiko mpya katika chumba cha krenki kilichopo chini yake. Plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na pistoni husukumwa chini. Inaposhuka hufungua kwanza tundu la moshi lililopo ubavuni mwa silinda, kisha hufungua matundu mengine yanayopitisha mchanganyiko mpya kutoka chini kwenda juu. Basi injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ile ya mipigo miwili huwaka mara 3,000, na ile ya mipigo minne huwaka mara 1,500. Ndiyo maana injini ndogo ya mipigo miwili huwa na nguvu kuliko umbo lake, na ndiyo maana sauti yake ni ya haraka.

(c) Njia ya oili. Hiki ndicho kiini cha somo. Katika injini ya mipigo minne, oili hukaa chini ya injini na kuzungushwa ndani yake, haikusudiwi kuungua. Ikipungua haraka, ni dalili ya ugonjwa. Katika injini ya mipigo miwili, chumba cha krenki ni njia ya petroli na hewa, kwa hiyo oili haiwezi kuwekwa humo ikakaa. Hupelekwa pamoja na petroli, hulainisha pistoni na beringi, kisha huungua na kutoka pamoja na moshi. Moshi mwepesi wa rangi ya samawati, hasa injini inapowashwa ikiwa baridi, ni jambo la kawaida kwake.

Zamani kila mwenye pikipiki ya aina hii alichanganya oili na petroli kwa mkono. Mwaka 1964 Yamaha walileta mtindo wa Autolube, yaani tangi la pekee la oili pamoja na pampu ndogo inayoendeshwa na injini na kutoa oili kwa kadiri ya mwendo na mzigo. AG100 imeundwa kwa mtindo huo. Basi kwa pikipiki hii, tangi la oili lisilopungua lina maana moja tu: oili haitoki. Ama pampu imekufa au imeondolewa, na anayeiendesha inambidi achanganye kwa mkono. Asipochanganya, injini itakwama.

Tazama basi, mwalimu mtarajiwa, jinsi maneno mawili, “haili oili,” yalivyo sifa kwa injini moja na onyo kwa injini nyingine. Kamusi peke yake haiwezi kumwonyesha mwanafunzi tofauti hiyo.

4. Tangazo la kufundishia

Tangazo lifuatalo tumelitunga wenyewe kwa ajili ya somo. Bei iliyotajwa ni ya mfano tu. Mwanachuo anaweza kuibadilisha ilingane na mahali alipo.

INAUZWA. Pikipiki Yamaha AG100, mipigo miwili. Imetumiwa na mtu mmoja. Injini haijafunguliwa tangu inunuliwe. Inawaka kwa kiki moja. Haitoi moshi. Haili oili: tangi la oili lilijazwa mwaka jana na bado limejaa. Tairi la nyuma jipya. Kadi ipo. Bei shilingi 1,400,000; maelewano yapo. Mwenye haja afike jioni nyumbani kwa muuzaji, nyuma ya mashine ya kusaga.

5. Hatua za somo

Somo hili linahitaji vipindi viwili vya dakika 40 kila kimoja. Madhumuni yake ni kwamba kila mwanafunzi aweze kuyagawa maneno ya tangazo katika mafungu, aulize angalau maswali matano ya maana kabla ya kununua, na aandike tangazo lililo fupi na la haki.

Vifaa: tangazo lililoandikwa kwenye karatasi kubwa, bomba la baiskeli, silinda iliyokatwa kwa manila yenye matundu ubavuni, pamoja na pistoni ya manila inayoteleza ndani yake, chupa tupu ya lita moja na ya nusu lita, maji yaliyotiwa rangi. Petroli isiingizwe darasani kabisa, hata kidogo kwenye kifuniko cha chupa.

Hatua ya kwanza: Kusoma. Wanafunzi wasome tangazo kimya, kisha mmoja alisome kwa sauti. Mwalimu aulize yale maswali ya kawaida, lakini yasizidi dakika tano. Maswali haya ni ya kuhakikisha kwamba maneno yamefahamika. Hayo si somo lenyewe.

Hatua ya pili: Kuyagawa maneno. Mwalimu achore ubaoni safu tatu. Ya kwanza ni ya maneno yanayoweza kuhakikishwa papo hapo kwa jicho au mkono, kama vile “tairi la nyuma jipya” na “kadi ipo.” Ya pili ni ya maneno yanayotegemea kauli ya muuzaji tu, kama vile “imetumiwa na mtu mmoja” na “haijafunguliwa.” Ya tatu ni ya maneno ambayo ili kuyapima ni lazima kukijua kitu chenyewe, kama vile “haitoi moshi” na “haili oili.” Wanafunzi wayapange maneno wao wenyewe kwa makundi. Mabishano yatatokea. “Inawaka kwa kiki moja” wengine watalitia safu ya kwanza, na wengine watasema kwamba injini iliyokwisha kupashwa moto kabla mnunuzi hajafika huwaka kwa kiki moja hata kama ni mbovu. Mwalimu asikimbilie kuamua. Kundi litakalosema kwamba mnunuzi aguse injini kwanza aone kama ni baridi limekwisha kufahamu somo.

Hatua ya tatu: Kukijua kitu. Hapa mwalimu aonyeshe injini kwa silinda ya manila. Kwanza mwanafunzi mmoja azibe kwa kidole tundu la bomba la baiskeli, mwingine asukume mpini, ili wauone mgandamizo. Kisha pistoni ya manila ipandishwe na kushushwa polepole, wanafunzi wataje tundu linalofunguka na linalofungika. Mwalimu aulize: “Kama petroli na hewa zinapita hapa chini, oili ingekaa wapi?” Swali hili tumeliona likilinyamazisha darasa kwa muda, kisha likalifungua. Mtoto akijibu, “Haina pa kukaa, lazima ije na petroli,” mwalimu alirudishe darasa kwenye tangazo na kuwataka walisome upya neno la “haili oili.” Asiwaambie jibu. Wataliona.

Hatua ya nne: Kutafuta yaliyoachwa. Wanafunzi waandike maswali ambayo mnunuzi angemwuliza muuzaji. Katika madarasa tuliyoyaona yametokea maswali kama haya: Pampu ya oili inafanya kazi? Unachanganya oili kwa kipimo gani? Ilinunuliwa mwaka gani? Namba ya chesisi na ya injini zinalingana na zile za kadi? Jina lililomo kwenye kadi ni lako? Breki zikoje? Kwa nini unaiuza? Vipuri vinapatikana wapi? Mwalimu aeleze kwamba Mamlaka ya Mapato Tanzania ndiyo inayosajili vyombo vya moto, na kwamba umiliki usipohamishwa rasmi, aliyelipa fedha anabaki na chombo ambacho kwa karatasi ni cha mtu mwingine. “Kadi ipo” haitoshi. Yafaa kuuliza ni kadi ya nani.

Hatua ya tano: Kuandika. Katika kipindi cha pili kila mwanafunzi awe muuzaji. Aandike tangazo la pikipiki ile ile akijua kwamba pampu imekufa. Sharti ni mbili: lisizidi maneno 50, na mnunuzi asiyeijua injini ya mipigo miwili asidhurike kwa kulisoma. Wengi hudhani kwamba ukweli utamfukuza mnunuzi. Tulisoma tangazo la mtoto mmoja lililosema: “Pampu ya oili haifanyi kazi, nachanganya kwa mkono, nitakuonyesha kipimo.” Darasa lilipoulizwa wangemwendea muuzaji yupi, wengi walimchagua huyo, kwa sababu, walisema, anaijua pikipiki yake.

Pengine mwanafunzi atataja methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwalimu aipokee, kisha aulize kama ni kweli siku zote. Pikipiki yenye pampu iliyokufa bado yaweza kumfaa anayejua kuchanganya oili. Kibaya zaidi ni kutolijua.

6. Hesabu inayotokana na somo

Somo zuri halifungiwi katika kipindi kimoja. Mwalimu wa Hisabati anaweza kuendelea na pikipiki ile ile kwa njia mbili.

Ya kwanza ni uwiano. Tuseme kitabu cha injini kinaagiza sehemu 20 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Mtu anajaza lita 5 za petroli. Atie oili kiasi gani? Wanafunzi wengi waliozoea mafumbo ya kugawana watajumlisha 20 na 1, wapate 21, kisha wagawe mililita 5,000 kwa 21, wapate takribani 238. Hapa wamekosea, na kosa lenyewe lina faida. Katika kugawana, 5,000 ingekuwa jumla ya sehemu zote. Hapa lita 5 ni petroli peke yake, yaani sehemu 20. Kwa hiyo 5,000 ÷ 20 = 250. Oili ni mililita 250, au nusu ya chupa ya nusu lita, na mchanganyiko wote ni lita 5 na robo. Wanafunzi wapime kwa maji ya rangi. Mwalimu asisitize kwamba kipimo cha kweli hutoka katika kitabu cha injini husika. Huu ni mfano wa hesabu.

Ya pili ni ujazo wa mcheduara. Kipenyo cha silinda ya AG100 ni milimita 52, na mwendo wa pistoni ni milimita 45.6. Nusu kipenyo ni sentimita 2.6. Basi ujazo ni 22/7 × 2.6 × 2.6 × 4.56, ambao ni takribani sentimita za ujazo 97. Wanafunzi hufurahi kuona kwamba pikipiki inayoitwa ya 100 kwa kweli ni ya 97, na kwamba wamelithibitisha hilo wenyewe kwa kalamu. Hili nalo ni kusoma kwa makini.

7. Maonyo kwa mwanachuo

Kwanza, mambo ya nyumbani kwa mtoto si zana ya kufundishia. Mtoto akiyaleta mwenyewe, yapokewe kwa heshima, yajibiwe, na yaishie hapo. Mwalimu asiyarudie siku ya pili mbele ya darasa bila ya kujua nani ni jamaa wa nani. Katika kijiji, muuzaji na mnunuzi husali pamoja, na watoto wao hukaa dawati moja. Ndiyo sababu tumetunga tangazo letu bila ya jina la mtu wala la mahali.

Pili, tusiwafundishe watoto kwamba kila muuzaji ni mwongo. Mwanafunzi anayemshuku kila mtu haulizi maswali, amekwisha kuamua. Tunalotaka ni mwanafunzi anayeuliza kwa adabu na kusubiri jibu.

Tatu, mwalimu asione haya kumwalika fundi. Tuliwahi kumwona mwanachuo akimleta fundi wa pikipiki wa kijijini kwa dakika 20. Fundi huyo alileta pistoni iliyokwama, yenye michubuko ubavuni, akaipitisha mikononi mwa watoto. Hakuna picha ya ubaoni ingeweza kufanya kazi hiyo. Lakini mwalimu akutane naye kabla, wakubaliane atakayoyasema, na maneno ya ufundi yaandikwe ubaoni kwa tahajia ya Kiswahili.

Nne, mwanachuo asijifanye anajua asilolijua. Mtoto akiuliza jambo la injini lililo nje ya maandalizi, jibu linalofaa ni, “Tutamwuliza fundi,” na kweli aulizwe.

8. Tathmini

Ili kupima kama somo limefika, asitumie tangazo la pikipiki tena. Atumie kitu kingine: cherehani, redio, mbuzi wa maziwa, au mashine ya kupukuchulia mahindi. Wanafunzi wapewe tangazo jipya, wayagawe maneno katika safu tatu, na waandike maswali matano. Mwanafunzi aliyefahamu atauliza kuhusu mbuzi, “Alizaa lini mara ya mwisho?” kama alivyouliza kuhusu pikipiki, “Pampu inafanya kazi?” Asiyefahamu ataandika tena, “Bei yake ni kiasi gani?” ilhali bei imekwisha kuandikwa.

9. Hitimisho

Tulirudi katika shule ile muhula uliofuata. Mwanachuo wetu alikwisha kulifundisha somo upya, kwa tangazo la kutungwa, na kwa silinda ya manila aliyoikata mwenyewe. Kabla ya kuanza alikuwa amemwita yule msichana pembeni na kumwomba radhi. Mvulana naye aliuliza swali moja tu katika kipindi hicho: kama silinda iliyochubuka yaweza kutengenezwa. Fundi aliyekuwapo alimjibu kwamba silinda yaweza kuchongwa upya na kutiwa pistoni kubwa kidogo, mradi haijachongwa kupita kiasi. Mtoto aliandika jibu hilo katika daftari lake.

Somo letu halikuwarudisha ng'ombe wawili. Hatudai kuwa lingeweza. Lakini watu wazima wawili walioelewana vibaya kwa maneno mawili walifundishwa kusoma katika chumba kile kile cha darasa, na waalimu kama sisi, waliouliza bei ni kiasi gani na mwenye haja aende wapi, kisha wakafunga kitabu. Mwanachuo atakayelifundisha tangazo baada ya kuyasoma haya, na asifunge kitabu mapema hivyo.